Kipindi cha 47: "Nasra, mwambie baba yako alete sukari"

ZUHURA: Taa imewaka. Hamisi, weka glasi chini.

HAMISI: Nina kiu.

ZUHURA: Tangu Jumamosi una kiu. Haya, wasikilizaji wetu, hamjambo, na wakubwa zetu shikamooni. Leo tuliahidi spageti za kamba, chakula cha jioni cha nyumbani, kisichohitaji mpishi wala oveni. Nina karatasi hapa, mambo sita, kaandika Hamisi kwa mkono wake siku ya Alhamisi. Alhamisi, yaani kabla mama mkwe wake hajateremka kwenye basi la Pangani.

HAMISI: Kabla ya kadhia.

ZUHURA: Ilete hiyo kadhia.

HAMISI: Ngoja nianze na mazuri, maana yalikuwepo. Jumamosi alfajiri nipo Feri, nimevaa ndala, kama kawaida nimerushiwa maji ya samaki hadi magotini. Nikachagua kamba mmoja mmoja. Kilo mbili. Kichwa kimeshikana na mwili, ganda linang'aa, ukinusa unasikia bahari tu. Yule ambaye kichwa kinaning'inia na kimeanza kuwa cheusi, huyo ana siku zake, mwache alipo.

ZUHURA: Kamba miti au kamba koche?

HAMISI: Kamba koche kwa mshahara upi?

ZUHURA: Nauliza tu, mkwe anakuja.

HAMISI: Kamba miti, wakubwa, wa kujaza kiganja. Nikarudi nyumbani, mke wangu kaniachia jiko, kitu ambacho ninyi mnaomjua mnajua si kidogo. Nikamenya. Ule mshipa mweusi wa mgongoni nikautoa kwa ncha ya kisu. Vichwa na maganda sikutupa. Nilivitia kwenye mafuta ya moto, nikawa navikandamiza kwa mwiko mpaka mafuta yakageuka rangi ya chungwa, nikamwagia maji, robo saa, nikachuja. Zuhura, nyumba nzima ilinukia. Jirani alibisha kuuliza kama tuna shughuli.

ZUHURA: Mafuta gani?

HAMISI: Ya zeituni.

ZUHURA: Mtu wa Ujiji! Mawese yapo kwenye dumu chini ya meza, umeyaruka, ukaenda kununua zeituni ya chupa kama dawa ya kikohozi.

HAMISI: Mawese yana kazi yake. Ukiyatia hapo humsikii kamba. Halafu mimi spageti nilifundishwa, sikuokota njiani. Nilipokuwa Malindi…

ZUHURA: Jamani, dakika ya tatu! Wasikilizaji wekeni tiki. Malindi imefika.

HAMISI: Nilikaa Malindi miezi minane, jikoni, naosha sufuria za watu. Lazima niseme. Ule mji una Waitaliano wengi kuliko unavyodhani, na si wa jana. Pale Ngomeni, kaskazini kidogo, walisimamisha majukwaa baharini, wakawa wanarusha roketi tangu miaka ya sitini. Ile setilaiti iliyoitwa Uhuru iliruka hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikapewa jina hilo.

ZUHURA: Setilaiti imeingiaje kwenye kamba?

HAMISI: Waliorusha walikuwa wanakula nini jioni?

ZUHURA: (anacheka) Endelea, endelea. Twende mezani.

HAMISI: Sasa. Mezani yupo mama mkwe, wapo mashangazi wawili, yupo shemeji yangu mdogo, na binti yangu Nasra katikati. Mimi sikai nao. Mimi na mama mkwe hatujawahi kula sahani moja wala meza moja, ndivyo tulivyolelewa sote wawili. Kwa hiyo niko jikoni, nimeshika pazia, nachungulia kwa jicho moja.

ZUHURA: Na mke wako amewaambia wageni wanakula nini?

HAMISI: Hapo ndipo palipoharibika. Kawaambia, "Leo mkweo anakupikia tambi."

ZUHURA: Eeh!

HAMISI: Tambi! Mtu ametoka Pangani. Ukimwambia tambi, anajua tambi.

ZUHURA: Anajua futari. Anajua Idd asubuhi. Zimekaangwa kwa samli zikawa kahawia, zikapikwa na tui, sukari, iliki, zabibu kavu juu. Mate yananitoka, wallahi.

HAMISI: Basi mama ananyanyua uma, anachukua uzi mmoja. Mmoja! Anauangalia mwangani kama anatafuta nywele. Anautia mdomoni, anatafuna taratibu sana. Anaweka uma chini. Anakunywa maji. Halafu kwa sauti ya upole kabisa anasema, "Nasra, mwambie baba yako alete sukari."

ZUHURA: Ukapeleka?

HAMISI: Ningefanyaje? Mtoto kaja mbio jikoni, "Baba, bibi anataka sukari." Nikampa bakuli. Nikarudi kwenye pazia. Mama akachagua kamba wote akawala kwanza, wakaisha. Kisha akachota sukari vijiko viwili, akanyunyiza juu ya vitunguu saumu vyangu, juu ya pilipili yangu, juu ya ndimu yangu, akachanganya. Akala.

ZUHURA: Akamaliza?

HAMISI: Akamaliza.

ZUHURA: Na mashangazi?

HAMISI: Bakuli lilizunguka meza nzima, Zuhura. Kama wanapitisha ubani.

(wanacheka kwa muda)

ZUHURA: Mimi nakuambia, kosa ni lako.

HAMISI: Kosa ni la neno. Spageti si tambi. Spageti ni ngano ile ngumu, haina haja ya kukaangwa, inachemshwa kwenye maji mengi na inabaki na mfupa ndani. Tambi ni nyembamba, zinalainika, zinapenda sukari.

ZUHURA: Kwetu Tanga kila kilichovutwa kikawa uzi ni tambi. Hata wa taa ni utambi.

HAMISI: Basi kula wa koroboi.

ZUHURA: Ukinipikia vizuri naula! Lakini sikia. Nenda Eastleigh pale Nairobi, ingia hoteli ya Wasomali, agiza baasto. Inakuja sahani ya spageti na nyama, na pembeni ndizi mbivu. Waitaliano waliwatawala kule kusini, wakaondoka, wakaacha spageti. Wasomali wakaipa ndizi. Nani amewahi kuwaambia wamekosea?

HAMISI: Ndizi inakaa pembeni. Unaimega mwenyewe ukitaka.

ZUHURA: Na sukari ilikaa kwenye bakuli. Mama aliichota mwenyewe.

HAMISI: …

ZUHURA: Wasikilizaji, kanyamaza.

HAMISI: Ndizi ni tunda.

ZUHURA: Na muwa ni nini? Twende kwenye karatasi. Jambo la kwanza, kamba umeshawasema. La pili, umeandika "vitunguu saumu."

HAMISI: Vikate vipande vyembamba, usivitwange. Mafuta yakiwa bado ya uvuguvugu ndipo unavitia, moto mdogo. Vikishakuwa vya kahawia umechelewa, vina uchungu, mwaga uanze upya. Usijaribu kuficha kwa…

ZUHURA: Kwa sukari.

HAMISI: Unaona sasa? Kipindi kimeshakufa.

ZUHURA: Hapana, ngoja, nataka kusema kitu na sitanii. Sukari mimi haijaniuma. Kilichoniuma ni wali.

HAMISI: Wali upi?

ZUHURA: Ambao hukupika. Umealika watu wazima wanne, mmoja ana miaka sabini na kitu, amesafiri tangu alfajiri, unaweka mezani kitu kimoja, na hicho kimoja hajawahi kukila maishani. Ulishindwa kuinjika hata kibaba cha wali pembeni?

HAMISI: Nilifikiria, nikakataa makusudi.

ZUHURA: Kwa nini?

HAMISI: Kwa sababu ukiweka wali, hakuna atakayegusa spageti. Zitakaa pale katikati kama maua. Watasema "tutaonja," watachukua nyuzi mbili, watarudi kwenye wali. Nimewaona watu wakifanya hivyo kwa vyakula vya kwetu. Mke wangu mara ya kwanza kuja Ujiji alipikiwa mgebuka, samaki wetu wa ziwani, na pembeni wakamwekea kuku "asije akashindwa." Unajua alikula nini? Kuku. Miaka miwili nzima anakula kuku kwa mama yangu. Siku kuku hakupatikana ndipo alipoujua mgebuka, na leo ndiye anayeagiza.

ZUHURA: Mke wako alikuwa kijana, na alikuwa anaolewa humo. Ana miaka arobaini ya kuzoea. Mama yule ni mgeni wa siku tatu.

HAMISI: Ndiyo nikampa kizuri kuliko vyote ninavyojua kupika. Nimeamka saa kumi usiku kwa ajili yake. Wali anaula kila siku kwake.

ZUHURA: Ulimpa unachokipenda wewe. Hamisi, mama mkwe hawezi kukurudishia sahani. Wewe unajua hawezi. Mgeni mwingine angesema "naomba mkate." Yeye mdomo wake umefungwa kwa heshima, na wewe umejificha nyuma ya pazia hata macho hamuwezi kukutana. Amebakiwa na njia moja tu, akaomba sukari.

HAMISI: Alimaliza sahani.

ZUHURA: Kumaliza si kushiba. Mamangu alialikwa kwa wakwe za dada yangu, akaletewa sahani, akala yote, akashukuru, akaomba dua. Saa sita usiku nikaamka nikamkuta jikoni anakoroga uji. Akaniambia "usimwambie mtu." Na leo nimewaambia watu wote, Mungu anisamehe.

HAMISI: Sawa, lakini hilo ni la mamangu mdogo, yaani la mama yako. Huyu wangu alicheka. Nilimsikia anacheka.

ZUHURA: Kila mtu hucheka.

HAMISI: Na ningeweka wali, angejua kwamba mimi mwenyewe sikiamini chakula changu. Hilo ndilo tusi.

ZUHURA: Tusi ni kumlaza mtu na njaa ili kiburi chako cha Malindi kishibe.

HAMISI: Kiburi?

ZUHURA: Nimesema.

HAMISI: …Hapo umevuka, dada.

ZUHURA: Neno kiburi narudisha. La wali sirudishi.

HAMISI: Na mimi ningepika tena leo, nisingeweka wali.

ZUHURA: Basi.

HAMISI: Basi.

(kimya)

ZUHURA: Maji unayo bado?

HAMISI: Chukua.

ZUHURA: Asante. Tumebakiza dakika ngapi? Wenzetu wa saa tano wameshafika, nawaona dirishani na mabegi yao. Na karatasi ina mambo sita, tumefanya moja na nusu.

HAMISI: La nne ndilo muhimu. Muda wa kamba. Watu wanawapika kama maharage. Mafuta ya moto, dakika moja na nusu upande huu, dakika moja upande ule, toa weka pembeni, watarudi mwishoni. Mwangalie anavyojikunja. Akikaa kama herufi C, ameiva. Akijifunga kabisa kama O, umeshatengeneza raba ya kufutia.

ZUHURA: Na ngisi? Mtu alituandikia wiki ile kuhusu ngisi.

HAMISI: Ngisi hana katikati. Dakika mbili, au dakika arobaini. Ukimtoa kwenye dakika ya kumi, utatafuna mpaka kesho.

ZUHURA: La tano, mwandiko huu… "usiweke jibini"?

HAMISI: Waitaliano wa pale Malindi hawakuwa wanaweka jibini juu ya vitu vya baharini. Inaziba utamu wa kamba. Mzee mmoja aliwahi kunipokonya kikwaruzo mkononi.

ZUHURA: Angemwona mama mkwe wako angezimia.

HAMISI: Angerudi kwao kwa roketi. Zuhura, ngoja, la sita, tafadhali, maji. Maji ya kuchemshia. Chumvi gramu kumi kwa kila lita, spageti gramu mia kwa mtu, na unazitoa dakika moja au mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, maana zinamalizia kuiva ndani ya mchuzi. Na kabla hujamwaga maji, chota kikombe, kiweke. Yale maji yana wanga, ukiyatia kwenye mafuta na ile supu ya vichwa, ukatikisa sufuria, vinashikana, unapata mchuzi mzito bila…

ZUHURA: Wanagonga.

HAMISI: …bila krimu, bila unga, na hapo ndipo unawarudisha kamba, giligilani, ndimu…

ZUHURA: Wanagonga, Hamisi! Tunatoka, tunatoka! Wiki ijayo ni zamu yangu, nilishaahidi pweza. Samahanini jamani, ingieni. Shika karatasi yako.

HAMISI: Ndimu usiipike, kamulia moto ukiwa umeshazi…