Nani Amekuajiri? Mhadhara juu ya ujira, uliotolewa Dodoma

Mbukwenyi! Mmeitika Kigogo wachache, wengine nadhani mmekuja na wizara. Karibuni.

Nianze na aibu yangu. Nikiwa mtafiti kijana nilitumwa soko la mahindi la Kibaigwa na dodoso la kurasa kumi na moja. Swali la nne: "Mshahara wako kwa mwezi ni kiasi gani?" Nikamuuliza kuli mmoja aliyeketi juu ya magunia, mabega meupe kwa vumbi la mahindi. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, mimi sina mshahara. Nina gunia." Nikaandika sifuri. Siku nzima niliandika sifuri. Kufika jioni, kwa mujibu wa karatasi zangu, Kibaigwa nzima ilikuwa inapakia malori bure.

Kesho yake nilirudi bila dodoso, nikakaa tu. Makuli walilipwa kwa kila gunia lililopanda kwenye lori, na tajiri mmoja alilipa zaidi ya mwenzake wa hatua ishirini mbele. Gunia lile lile, mgongo ule ule. Nikamuuliza yule kuli wa jana, "Sasa mbona huhamii kule?" Akacheka. "Kule wana watu wao."

Hayo maneno mawili, "watu wao," nimeyatafiti mpaka nimeota mvi.

Vitabu tulivyosomeshwa vilisema ujira hufuata ujuzi, basi. Serikali ikipandisha kima cha chini cha mshahara, waajiri watapunguza watu. Aliyetutia shaka ni David Card, mtoto wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Guelph, Kanada, aliyezaliwa mwaka 1956. Aprili 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Jirani yake Pennsylvania hakupandisha. Card na mwenzake Alan Krueger walihoji migahawa 410 ya baga na kuku pande zote mbili za mpaka, kabla ya nyongeza na miezi kadhaa baadaye. Walilinganisha mabadiliko ya huku na ya kule. Ajira za New Jersey hazikuanguka.

Matokeo yalitoka mwaka 1994, ukazuka ugomvi. Wapo waliorudia hesabu kwa takwimu nyingine wakapata jibu tofauti, na mjadala unaendelea. Asikudanganye mtu kwamba umefungwa. Card mwenyewe alikuja kusema kazi ile ilimpotezea marafiki, akaiacha mada hiyo. Mwaka 2021 alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi. Krueger alikuwa amefariki mwaka 2019, na tuzo hiyo marehemu hapewi. Hilo hunisikitisha kila ninapolifundisha.

Mimi lakini napenda zaidi kazi yake nyingine, isiyopigiwa kelele. Mwaka 2013, yeye na wenzake wawili walichapisha uchambuzi wa mishahara ya Ujerumani Magharibi. Wakaona pengo la mishahara limekua si kwa sababu ya tofauti za wafanyakazi peke yake. Sehemu za kazi zenyewe zilizidi kutofautiana kwa malipo, na wafanyakazi wenye uwezo walizidi kujikusanya kwenye zile zinazolipa vizuri. Kuli wangu alikwishaniambia, tena bila kompyuta.

Na msidhani ni mambo ya Ulaya. Chukueni amri yetu ya kima cha chini ya mwaka 2013. Mfanyakazi wa nyumbani kwa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa: shilingi 150,000 kwa mwezi. Anayeishi kwa mwajiri wa kawaida: 40,000. Huyu anapewa chumba na ugali, sawa, lakini anafua mashuka yale yale, na huyu ndiye anayegongewa mlango usiku mtoto akilia. Viwango vimepanda tangu hapo. Ngazi imebaki.

Wanafunzi huniuliza: tunaweza kufanya New Jersey yetu hapa, Bahi ya mkoa wa Dodoma upande huu na Manyoni ya Singida upande ule? Hapana. Kima chetu hupangwa kwa sekta, si kwa mkoa. Mei Mosi 2025, pale Singida, ilipotangazwa kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitatoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, Bahi na Manyoni walipata siku moja.

Mpaka wetu uko kwenye mtaa mmoja. Mhudumu wa ofisi ya serikali anapanda daladala moja na mhudumu wa ofisi binafsi. Wote wanachemsha chai, wote wanabeba mafaili. Wa kwanza akiongezwa, je, bosi wa pili ataongeza ili asimpoteze wake, au atajua kwamba hana pa kwenda, kwa kuwa kule wana watu wao? Anayetafuta mada ya shahada ya uzamili aichukue hii, na aanze kuhoji kabla ya nyongeza nyingine, si baada. Na tafadhali, swali la nne lifutwe.

Maikrofoni iko pale. Dada wa kitenge cha bluu, mkono wako nimeuona tangu nilipotaja Kibaigwa.