Diski ya Breki Inayocheza: Usiihukumu Kabla ya Kuibana

Ndugu mafundi, na ninyi madereva mliokuja kusikiliza, nianze na jambo linalowatoa watu fedha bure. Gari limepandishwa, tairi limefunguliwa, mtu anashika diski, inayumba mkononi, papo hapo anatoa hukumu: diski imekufa. Hapana! Kwenye magari mengi ya siku hizi diski imevikwa tu juu ya habu, yaani kitovu kinachozunguka ambacho tairi hufungwa juu yake. Kinachoibana ni rimu, nati za tairi zikishakazwa. Ile skrubu ndogo mnayoiona kwenye baadhi ya magari kazi yake ni kuishikilia wakati wa kufunga, basi.

Kwa hiyo rudishia nati zote, kila moja na washa yake nene, ukaze kwa kupishanisha. Itikise tena. Ikiwa imetulia kabisa, diski haina kosa. Ikicheza pamoja na habu, shuku beringi, ile inayoiwezesha habu kuzunguka.

Beringi ina kipimo chake. Funga tairi, gari likiwa juu ya stendi na si jeki peke yake, kisha shika tairi juu na chini, sukuma na uvute. Ukiusikia mchezo, mwombe mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, beringi ndiyo iliyochoka, kwa sababu pedi, vile vibao vya breki, zimeikaba diski na habu haina tena pa kuchezea. Ukibaki, kagua boli-jointi, kile kiungo chenye kichwa cha duara kwenye mikono inayoshikilia gurudumu.

Sasa mlio, na hapa naomba mtege masikio, maana dereva akieleza vizuri unasikika lini, fundi ameshamaliza nusu ya kazi. "Ko!" moja unapofunga breki baada ya kurudi nyuma: mara nyingi ni pedi zinahama ndani ya kishikio, klipu zake zimechoka au hazikurudishwa. Kugongagonga kwenye mashimo, kunakonyamaza ukigusa breki kidogo: angalia pedi, pini za kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) na bolti zake. Lakini mlio wa kugonga unaofuata mwendo wa gurudumu, pamoja na mtikisiko, usiusikilize ukiwa unaendesha. Simama sasa hivi ukague nati za tairi.

Kuna na kutu, adui ninayemwona anadharauliwa mno. Gamba jembamba likibaki kati ya habu na diski, diski inakaa upande. Upande huo hupimwa kwa saa ya kupimia, kipimo chenye mshale unaoonyesha diski inavyoyumba ikizungushwa, na watengenezaji wengi hawaruhusu hata 0.1 mm. Baada ya muda diski inalika bila usawa, pedali inaanza kudunda mguuni. Mtu anapeleka diski ikachongwe, anairudisha juu ya kutu ileile, na kudunda kunarudi. Sugua habu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, ndipo ufunge diski, na nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, zikague tena.