Feni Kubwa, Miguu Mifupi: Ndege Kuukuu Inapovishwa Injini Mpya

Ndugu wasikilizaji, itazameni kwa mbele Boeing 737-300, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1984. Mdomo wa injini yake si duara; chini umebonyea. Feni ya injini yake, CFM56 ya kampuni ya CFM, ilikuwa na kipenyo cha inchi 60, na nafasi kati ya bawa na ardhi haikutosha. Wahandisi wakavihamishia pembeni vifaa ambavyo kwa kawaida hukaa chini ya injini, kisha wakalibana ganda.

Ufupi wa miguu yake, yaani nguzo za magurudumu, ulikuwa wa makusudi. Katika miaka ya 1960 ndege hii iliwekwa karibu na ardhi ili mizigo ipakiwe bila mitambo mirefu, na injini za wakati ule, JT8D, zilikuwa nyembamba. Baadaye injini zikanenepa, miguu ikabaki palepale.

Zilinenepa kwa sababu ya mafuta. Msukumo uleule unaweza kuupata kwa kurusha hewa kidogo kwa kasi kubwa, au hewa nyingi kwa kasi ndogo. Njia ya pili ni nafuu, maana hewa inayochomoka nyuma kwa kasi mno huondoka na nishati ambayo haikuisukuma ndege. Na hewa nyingi hudai feni pana.

Upana nao una bei yake: uzito, ukinzani wa hewa, na ugomvi wa mizunguko. Feni pana hutaka kuzunguka taratibu, la sivyo ncha za mapanga yake huipita mno kasi ya sauti. Turbini, magurudumu ya mapanga yaliyo nyuma ya injini yanayoizungusha feni, hutaka kwenda mbio. Pratt & Whitney , watengenezaji wengine wa injini, wakaweka giaboksi katikati, feni ikazunguka mara moja wakati turbini inazunguka takriban mara tatu. CFM hawakuweka gia kwenye injini yao ya LEAP-1A. Turbini inayoizungusha feni yake huenda taratibu, hivyo inahitaji hatua 7, yaani safu za mapanga; ya mwenzake ina 3.

Airbus walipotangaza A320neo, A320 yenye injini hizi mpya, Desemba 2010, ndege yao ilikuwa imesimama juu vya kutosha kubeba feni ya inchi 78 au 81. Boeing walifuata na 737 MAX Agosti 2011 na kuishia inchi 69 na ushee, tena baada ya kurefusha mguu wa mbele na kuisogeza injini mbele na juu. Ganda lililosogea likawa linaiinua pua zaidi ndege inapopanda kwa pembe kali. Hapo ndipo ilipoingia MCAS, programu ya kuishusha pua yenyewe, ikategemea kihisi kimoja cha pembe ya ndege; kihisi kikikosea, nayo huishusha pua bila sababu. Watu 346 walikufa katika ajali mbili za 737 MAX, za Oktoba 2018 na Machi 2019. Silaumu feni; nalaumu uamuzi wa kukiamini kihisi kimoja.

Wala feni ndogo si ujinga. Ni nyepesi, ganda lake hukinzana na hewa kidogo, na kwenye safari fupi uzito una kauli kubwa.

Mtauliza, kwa nini wasirefushe miguu mikuu, ile iliyo chini ya mabawa? Hukunjwa kuelekea tumboni. Ukiirefusha, lazima egemeo lake lisogee nje, na hapo unaunda bawa upya. Kwa 737-10, toleo refu zaidi la MAX, walitengeneza mguu unaorefuka wakati wa kuruka na kujifupisha unapokunjwa.

Tangu 2021 CFM wanaendeleza mradi wa RISE, wenye feni isiyo na ganda, pana kupita hizi zote. Hiyo haitaingia chini ya bawa la 737 wala la A320; atakayeitaka ataanza na ndege mpya.