Pochi nne, mtu mmoja

Asanteni. Polymarket mnaijua, soko la utabiri la mtandaoni ambako watu hununua na kuuza hisa za Ndiyo na Hapana juu ya matukio yajayo, kwa hiyo sitarefusha maana yake. Hisa ya Ndiyo ikiuzwa senti 62 za dola moja, watu wanasoma uwezekano wa asilimia 62, yametosha. Nina jambo moja, na waliowahi kunisikia watanivumilia: kifaa, yaani programu, tunachompa wakala wa akili mnemba (mfumo wa kompyuta unaofanya kazi kwa niaba yetu) ili achambue wenye hisa wakubwa, kabla hakijapanga pochi, yaani akaunti za fedha za kidijitali, kuanzia nene hadi nyembamba, kituambie hapo kuna watu wangapi.

Rudini Oktoba 2024, uchaguzi wa rais wa Marekani. Kura za maoni zinasema Trump na Harris wako bega kwa bega, lakini Polymarket inampa Trump zaidi ya asilimia 60. Watu wakafungua orodha ya wenye hisa. Wakakuta Fredi9999. Wakakuta Theo4, PrincessCaro na Michie. Sasa kaeni kwenye kiti cha wakala anayeisoma orodha hiyo: majina manne, yote upande mmoja, yote yamebeba mamilioni. Ataandika nini? Ataandika kwamba nyangumi wanne, yaani wachezaji wa fedha nyingi, kila mmoja kwa hesabu zake, wamefikia jibu moja. Ripoti imenyooka, na ni ya uongo. Mwezi huohuo Polymarket wenyewe walisema akaunti zote nne ni za mtu mmoja, raia wa Ufaransa. Uchaguzi ulipokwisha, Chainalysis, kampuni inayochunguza fedha za kidijitali, ikafuata nyayo za fedha ikahesabu akaunti 11, na faida ya dola milioni 85 hivi. Kumi na moja! Walioziona nne walikuwa wamebakiza saba.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: daftari la Polygon, mtandao wa blockchain unaorekodi miamala ya Polymarket, liko wazi, nani ataficha kitu? Ndiyo, liko wazi. Linaonyesha pochi. Halionyeshi mkono unaozishika, na kufungua pochi mpya ni kazi ya dakika chache. Aliyewahi kucheza upatu ananielewa: karatasi ina majina kumi, wachezaji ni saba, kwa sababu mama mmoja kachukua majina matatu na mwingine mawili. Mtunza daftari anajua hilo bila kuambiwa. Wakala hajui, na hatajua mpaka kifaa kimwonyeshe dalili: fedha ya kwanza ilitoka wapi, manunuzi yalifanyika saa ngapi na kwa mafungu ya ukubwa gani, faida ikishatolewa inaelekea wapi. Hata zile nne zilianza kushukiwa hivyo. Fedha zao zilipitia Kraken, soko la kubadilisha sarafu za kidijitali, na zilinunua kwa mtindo mmoja.

Mwingine ataniambia hii ni kuchungulia maisha ya watu. Hapana, na hili naliongea kwa uzito. Sihitaji jina la mtu wala mji wake. Nahitaji kifaa kiseme: pochi hizi tano huenda ni za mkono mmoja, sababu ni hizi, uhakika wangu ni kiasi hiki. Hilo neno "huenda" lisifutwe kamwe.

Halafu kuna swali linalonichosha kuliko yote: "Si alishinda? Basi tumfuate nyangumi." Jamani! Mwaka 2012, kwenye Intrade, soko jingine la utabiri, mchezaji mmoja aliweka karibu theluthi ya fedha zote zilizowekwa kwa Romney, mgombea urais wa Marekani aliyeshindwa na Obama, katika wiki mbili za mwisho. Alipoteza dola milioni 4 hivi. Orodha ya wenye hisa ingemwonyesha huyu na yule Mfaransa kwa sura ileile, kubwa na yenye kujiamini. Tofauti ni kwamba Mfaransa aligharamia kura zake za maoni, akauliza watu wanadhani majirani zao watampigia nani. Jambo hilo halisomeki kwenye pochi yoyote.

Muda unanibana. Nilitaka kueleza namna ya kutoa hisa za Hapana za mtu kwenye hisa zake za Ndiyo katika masoko yanayohusiana, maana mtu anaweza kuonekana nyangumi huku amejikinga pande zote. Litasubiri. Ila hili siliachi: matokeo yakibishaniwa, huamuliwa kwa kura za wenye UMA, sarafu ya kidijitali inayompa mwenye nayo haki ya kupiga kura. Machi 2025 soko la mkataba wa madini kati ya Ukraine na Marekani liliamuliwa Ndiyo wakati mkataba haujasainiwa, na Polymarket hawakurudisha fedha. Kifaa kinachotazama wenye hisa bila kutazama wenye kura kinaona nusu ya uwanja.

Mliokuja na kompyuta, fungueni soko lolote, chukueni pochi 20 za juu, fuateni fedha ya kwanza iliyoingia katika kila moja. Baada ya chai nileteeni idadi ya watu. Ya pochi ninayo.