Mpigaji Anapomzuia Mdakaji: Mwamuzi Aangalie Nini?

REHEMA: Karibuni, wapenzi wa besiboli. Leo tunaichambua kanuni ya 6.03(a)(3) ya ligi kuu za Marekani, inayosema kwamba mpigaji hutolewa akimzuia mdakaji, yaani mchezaji anayechuchumaa nyuma yake, kudaka au kurusha mpira, ama kwa kutoka nje ya kisanduku chake, yaani eneo la mistari anamosimama kupiga, ama kwa mwendo mwingine wowote unaomkwamisha mdakaji penye kituo cha nyumbani, yaani bamba ambalo mkimbiaji hufunga pointi akiligusa. Kaka Salum, wengi huamini kwamba aliyebaki ndani ya kisanduku hana kosa kamwe.

SALUM: Imani hiyo haina msingi, dada Rehema, kwa kuwa sehemu ya pili ya kanuni haijali miguu iko wapi. Mpigaji akikosa mpira, kisha akapepesuka na kuinama juu ya kituo cha nyumbani huku mkimbiaji akiiba kituo cha pili, yaani akikikimbilia bila mpira kupigwa, atatolewa iwapo amemkwamisha mdakaji, hata kama miguu yote miwili imo ndani ya mistari. Wala si lazima awe amekusudia.

REHEMA: Je, akisimama tu mahali pake?

SALUM: Hapo hana kosa. Tarehe 14 Oktoba 2015, mjini Toronto, awamu ya 7, timu zikiwa sare 2 kwa 2, mdakaji Russell Martin alikuwa akimrudishia mrushaji mpira, ukagonga gongo la mpigaji Shin-Soo Choo aliyekuwa ndani ya kisanduku, na mkimbiaji wa timu yake, Rougned Odor, akakimbia kutoka kituo cha tatu hadi nyumbani. Mwamuzi Dale Scott alisimamisha mchezo kwanza, lakini waamuzi waliposhauriana waliihesabu pointi, kwa sababu Choo hakukusudia kuuzuia mpira ule. Uwanja ulichafuka, ila naamini walitafsiri kanuni sawasawa.

REHEMA: Nami nakubaliana nawe. Kinachosahaulika zaidi ni subira: mwamuzi hutamka kosa, lakini mdakaji akifaulu kumtoa mkimbiaji kwa mrusho wake wa kwanza, huchukuliwa kwamba hakukuwa na kizuizi, na mpigaji hubaki. Asipofaulu, mpigaji hutolewa na wakimbiaji hurudi walikotoka.

SALUM: Na kama ilikuwa straiki ya tatu, yaani mara ya tatu mpigaji kukosa au kuuacha mpira uliofaa kupigwa, mpigaji ameshatolewa, hivyo anayetolewa kwa kosa lake ni mkimbiaji.

REHEMA: Gongo likizunguka hadi nyuma na kumgonga mdakaji bila kukusudia?

SALUM: Huhesabiwa straiki tu, mpira hufa, yaani mchezo husimama, na hakuna mkimbiaji anayesogea. Naona ni haki, maana mpigaji ana ruhusa ya kupiga kwa nguvu zake zote, lakini timu yake haistahili kufaidika na mdakaji aliyegongwa.

REHEMA: Ndiyo maana pia mkimbiaji wa kituo cha tatu anapojaribu kufunga pointi, na waliotolewa hawajafika wawili, yeye ndiye hutolewa badala ya mpigaji: pointi iliyokuwa ikiwindwa kwa kizuizi hicho ndiyo inayozuiwa.