Ndoa iliyofichwa jikoni: namna ya kuisoma na kuiigiza Trifles

Mabibi na mabwana, Trifles (yaani 'mambo madogo madogo') ya Mmarekani Susan Glaspell ni tamthilia ya tendo moja, na mume na mke wanaozungumziwa humo hawatokei jukwaani kamwe. John Wright amenyongwa kwa kamba kitandani mwake. Mkewe, Minnie, yuko mahabusu. Ndoa yao tunaisoma kwenye vyombo vya jikoni, kwa hiyo mwongozaji aanze na vifaa.

Glaspell aliujua msiba wa aina hii. Akiwa mwandishi wa gazeti mjini Des Moines, Iowa, aliripoti kesi ya Margaret Hossack, aliyeshtakiwa kwamba alimuua mumewe kwa shoka Desemba 1900. Wazee wa baraza la mahakama waliomtia hatiani mwaka 1901 walikuwa wanaume tu. Hukumu hiyo ilitenguliwa baadaye. Tamthilia ilichezwa kwanza Provincetown, Massachusetts, Agosti 1916, Glaspell mwenyewe akiigiza Bi. Hale, jirani wa akina Wright.

Tazameni wanavyoingia. Sherifu, mwendesha mashtaka na jirani yao Hale wanakwenda moja kwa moja kuota moto. Wake wawili, Bi. Hale, mke wa jirani huyo, na Bi. Peters, mke wa sherifu, wanabaki karibu na mlango. Msiiharakishe hatua hiyo: nafasi ya kila mmoja katika nyumba imeshaonekana. Wanaume wakipanda ghorofani kutafuta ushahidi, ndipo wanawake waanze kulimiliki jiko, taratibu.

Meza imepanguswa nusu. Mkate umeachwa nje ya kopo lake. Chupa za cheri zimepasuka kwa baridi, imesalia moja. Kisha kuna blanketi la viraka, na hapa ndipo penye uzito. Viraka vyote vishonwe vizuri, kimoja kiende mrama, kwa uzi mweusi na mishono mikubwa ili hata wa safu ya nyuma aione. Bi. Hale anaifumua na kuanza kuishona upya. Mishono ile ingeonyesha jinsi Minnie alivyovurugika; kwa hiyo Bi. Hale ameshaharibu ushahidi, na bado hajaamua kumlinda mtu. Mwigizaji akifanya hivyo kwa jicho la njama, tukio linakufa. Mkono utangulie, kwa mazoea ya mshonaji asiyevumilia kazi mbovu.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kumfanya Wright mlevi au mpiga mke. Maandishi hayasemi hivyo. Hakuwa mnywaji, alilipa madeni yake, majirani walimhesabu mtu mwema. Ukatili wake ni ukimya: hakutaka simu ya kushirikiana na jirani, kwa kuwa watu wanasema mno. Minnie, aliyekuwa akiimba kwaya usichanani, alibaki na kanari mmoja, ndege aimbaye. Tundu la ndege huyo lina bawaba iliyong'oka, na ndege yumo kisandukuni, shingo imesokotwa, amefungwa kwa hariri. Mkimpa mume fimbo, mnawaondolea watazamaji kazi ya kuelewa ndoa inayoua bila kelele.

Wala msiwafanye wanaume vichekesho. Wanaijua kazi yao. Wanatafuta kilichoamsha hasira ya Minnie, wasijue kwamba jibu ni ndege yule, na wanacheka wanawake wakijadili mishono.

Bi. Peters ndiye mgumu zaidi kuigiza. Mwendesha mashtaka anamwambia kwamba mke wa sherifu ameolewa na sheria. Kinachombadilisha ni kumbukumbu: paka wake aliyeuawa kwa shoka na mvulana, na mtoto aliyefiwa naye Dakota. Mwishoni anajaribu kukitia kisanduku mkobani na hakiingii; Bi. Hale anakinyakua na kukisukuma mfukoni mwa koti. Basi pimeni mkoba, kisanduku na mfuko tangu wiki ya kwanza ya mazoezi, maana kisanduku kikiingia mkobani kwa urahisi, Bi. Hale hana sababu ya kukinyakua.