Skrini ya Maktaba Ina Mwenyewe?

Haya jamani tuanze, maana kila nikiitwa maktaba kufunga skrini ya matangazo swali la kwanza ni inchi ngapi, na mimi nauliza nani atakuwa anabadilisha matangazo, hapo kimya.

Nilishakuta maktaba moja, skrini nzuri kabisa, iko mlangoni, inatangaza saa ya hadithi za watoto. Mama kasimama na mwanawe, kasoma, wakapanda ngazi mpaka juu, chumba kimefungwa, kumbe ratiba ni ya wiki mbili nyuma. Waliposhuka wakaipita ile skrini hata hawakuiangalia. Ndo hivyo, ikidanganya mara moja watu wanaizoea kama ukuta.

Kwa hiyo tafuta mtu kwanza, na wa kumshikia akiwa likizo. Na kila tangazo lipe tarehe ya kutoka siku ileile unayoliweka, programu kama Xibo inakuruhusu, ikifika siku linajitoa lenyewe.

Mitambo si kazi kubwa. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inaenea kiganjani, unaificha nyuma ya skrini na waya wa HDMI wa kupeleka picha, na wa umeme, basi. Ila hakikisha inahifadhi matangazo ndani yake, intaneti ikikata iendelee kuonyesha. Na vuta waya wa mtandao kama upo, maana waifai ya wasomaji mara nyingi inataka mtu abonyeze "nakubali" kwanza, sasa kule ukutani nani atabonyeza? TV ya sebuleni itawaka, sikatai, lakini haikutengenezwa kuwaka kutwa nzima kila siku, zile za biashara zimeandikwa kabisa 16/7 au 24/7, yaani masaa kwa siku, siku kwa wiki.

Maandishi sasa, hapa naomba tusikimbie. Herufi iwe na kimo cha kama sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali kati ya msomaji na skrini. Tangazo moja, jambo moja, likae mpaka uweze kulisoma polepole mara mbili. Sauti izime. Na asiyeona vizuri apate habari ileile kaunta, tusimwache nje.

Mwisho kabla hujatoboa ukuta nenda pale asubuhi, rudi jioni, uone jua linapiga wapi, lisije likaipiga skrini isisomeke. Nani kati yenu alisema ukuta wake unatazamana na dirisha, na ana picha yake? Njoo mbele na hiyo picha tuiangalie.